Kalingi bila barafu: namna ya kuandaa mashindano ya vijana Buruburu yasiyoishia kwa ugomvi

Likizo ya Agosti iliyopita nilikwea Nairobi kumzuru dada yangu anayeishi Buruburu. Nilifika siku mpwa wangu anacheza fainali ya mpira ya mtaa. Kombe lipo mezani, jezi mpya zimevaliwa, na mgeni wa heshima kashafika. Dakika ya sabini timu moja ikafungwa bao la pili. Hapo ndipo viongozi wake walipokumbuka kuwa mshambuliaji wa upande wa pili ana ndevu na mke. Yule mshambuliaji alikuwa amecheza mechi tano kabla ya hiyo bila mtu kusema neno. Refa akazungukwa, mechi ikavunjika, na kombe likaenda kufungiwa nyumbani kwa mtu "mpaka tuelewane". Mpaka naondoka walikuwa hawajaelewana.

Kilichoniuma si kombe. Njiani kurudi mpwa wangu, mtoto wa miaka kumi na tano, aliniambia, "Mjomba, mambo ya wakubwa ndiyo hayo." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Keshajua kwamba mashindano ni kitu ambacho watu wazima hukianzisha halafu wakakiharibu.

Wiki ileile mwalimu mmoja jirani ya dada alikuwa na wazo la mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu, tukacheka na kubadilisha stesheni: kalingi, ule wa kusukuma mawe kwenye barafu. Alitaka mashindano ya vijana wa mitaa ya Eastlands, yachezwe ukumbini, juu ya sakafu. Akaniomba nimsaidie kupanga na kuandika kanuni. Nilipoanza kuusoma mchezo huo niliona una dawa ya ugonjwa ule wa fainali. Haya hapa ndiyo niliyoyakusanya. Aliye Buruburu ayatumie huko, na aliye Mombasa, Malindi au Lamu ayapime kwa ukumbi wake.

MCHEZO WENYEWE NI UPI

Aliyekulia Pwani ameshacheza ndugu wa kalingi bila kujua. Ubao wa keram unanyunyiziwa unga, kete inateleza, na ufundi wote uko katika kipimo cha nguvu: ukizidisha kete inapita, ukipunguza haifiki. Kalingi ni hivyo hivyo, ila ubao ni sakafu na kete ni jiwe lenye mpini.

Asili yake ni Scotland, ambako watu walikuwa wakicheza juu ya maziwa yaliyoganda tangu karne ya 16. Kila kijiji kilikuwa na kanuni zake, na magomvi hayakukosekana. Mwaka 1838 vilabu vilikutana Edinburgh vikaunda chama kimoja ili kanuni ziwe moja. Leo uwanja kamili wa barafu una urefu wa mita 45.72, na jiwe moja lina uzani wa kati ya kilo 17 na 20 hivi. Mawe ya mashindano makubwa huchongwa kwa graniti ya kisiwa kidogo cha Scotland kiitwacho Ailsa Craig.

Timu ina watu wanne. Kila mmoja husukuma mawe mawili, kwa zamu na mpinzani wake, yakielekea kwenye duara linaloitwa nyumba. Mawe 16 yakiisha, duru moja imekwisha, na hapo hesabu hufanywa. Timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha nyumba ndiyo peke yake inayopata alama katika duru hiyo. Inapata alama moja kwa kila jiwe lake lililo karibu kuliko jiwe bora la mpinzani. Mpinzani anapata sifuri.

Anayesukuma jiwe la mwisho katika duru ana faida kubwa. Kwa hiyo kanuni humpa haki: timu iliyokosa alama katika duru iliyopita ndiyo inayopewa jiwe la mwisho katika duru inayofuata. Kama hakuna aliyepata alama, aliyekuwa na jiwe la mwisho anabaki nalo.

Jambo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni hili. Katika michezo ya kawaida ya vilabu hakuna refa. Mchezaji akiligusa jiwe lake linalotembea, kwa mguu au kwa ufagio, yeye mwenyewe ndiye anayetakiwa kusema papo hapo. Hesabu ya kila duru hukubaliwa na wasaidizi wa manahodha wa timu mbili, wakiwa wamesimama ndani ya nyumba, kabla jiwe lolote halijaondolewa. Mpimaji huitwa pale tu wanapotofautiana. Mchezo umejengwa juu ya imani kwamba mchezaji wa kweli aona heri kushindwa kuliko kushinda kwa hila.

KENYA NA BARAFU, WAPI NA WAPI?

Swali hili nimeulizwa na kila niliyemtajia. Majibu yapo. Mwaka 1998, katika Olimpiki za majira ya baridi mjini Nagano, Japani, kalingi ilirudi kuwa mchezo rasmi wa medali. Katika Olimpiki hizohizo Mkenya Philip Boit alishindana mbio za kuteleza kwenye theluji za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Watu wengi wanaikumbuka picha ile kuliko wanavyokumbuka nani alikuwa wa pili.

Nairobi yenyewe ina uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa, tangu 2005. Hapo ndipo walipokulia Ice Lions, timu ya magongo ya barafuni, na mwezi Septemba 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Kwa upande wa kalingi, Nigeria ndiyo iliyotangulia Afrika. Mwaka 2019 ilicheza mashindano ya dunia ya timu za mume na mke mmoja mmoja huko Stavanger, Norway, na ikaifunga Ufaransa. Januari 2024 vijana wa Nigeria walicheza kalingi katika Olimpiki za vijana za majira ya baridi huko Gangwon, Korea Kusini. Kenya nayo ina chama chake ambacho ni mwanachama wa shirikisho la dunia.

Lakini hatuhitaji barafu ili tuanze. Ipo kalingi ya sakafuni, inayochezwa mashuleni katika nchi nyingi. Jiwe lake ni jepesi na chini lina gololi au vigurudumu vidogo vinavyozunguka pande zote. Linateleza juu ya sakafu ya mbao, terazo au saruji iliyolainishwa. Hakuna kufagia. Na kwa kuwa jiwe laweza kusukumwa kwa fimbo maalum, kijana anayetumia kiti cha magurudumu anacheza na wenzake bila kupunguziwa chochote.

KWA NINI BURUBURU

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kati ya 1973 na 1983, kwa ushirikiano wa Baraza la Jiji na shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola. Nyumba zimepangwa kwa viwanja vidogo vidogo vinavyoitwa koti, kila koti na geti lake. Watu wa koti moja wanajuana. Hiyo ni timu tayari: koti moja, timu moja. Jirani wako Jericho, Harambee, Uhuru na Umoja, na barabara inayopita hapo inaitwa Rabai Road, kwa hivyo hata jina la kwetu lipo.

Vijana wa Eastlands hawakosi mashindano. Koth Biro ya Ziwani imeanza miaka ya 1970 na ipo hadi leo. Uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, umelea wachezaji wengi wa mpira. Wanayokosa wengi ni mashindano ya ndani, yasiyohitaji mwili mkubwa, ambayo msichana na mvulana wanacheza timu moja na ambayo mvua haiyavunji.

UKUMBI NA NJIA

Kabla ya kulipia ukumbi, nenda na futi kamba na jiwe moja. Pima urefu: mita 2 za kusimama msukumaji, mita 9 kutoka mstari wa kuachilia hadi kitovu, na mita 2 nyuma ya kitovu. Jumla ni mita 13. Upana wa njia moja ni mita 2. Kati ya njia mbili acha mita 1 ya kupita. Ukumbi wenye sakafu ya mita 13 kwa 5 unabeba njia mbili, na hizo zinatosha timu nane kwa siku moja. Watazamaji watafutie nafasi nje ya vipimo hivyo.

Kisha sukuma lile jiwe mara kumi, kutoka kila upande. Sakafu nyingi za kumbi zetu zimezama mahali fulani. Kama jiwe linapinda sana kuelekea ukutani, hamisha njia au tafuta ukumbi mwingine. Sakafu ioshwe usiku wa kuamkia mashindano, isipakwe mafuta, na asubuhi ipanguswe vumbi. Viatu viwe vya raba na visafi. Weka kitambaa chenye maji mlangoni.

Nyumba ichorwe kwa gundi ya karatasi yenye rangi, siyo kwa rangi ya kopo, kwa sababu ukumbi ni wa watu wote. Chukua nusu ya vipimo vya barafuni: duara la nje nusu kipenyo chake sentimita 90, la kati 60, la ndani 30. Funga kamba kwenye msumari uliogandishwa katikati, zungusha chaki, kisha bandika gundi juu ya chaki.

MAWE

Kila njia inahitaji mawe manane, manne ya rangi moja na manne ya nyingine. Yapo ya kununua kutoka nje, lakini fundi wa jua kali mwenye akili anaweza kuyatengeneza, na soko la Kamukunji haliko mbali. Mpe sampuli: kisahani kizito, mpini juu, na gololi tatu chini.

Haki ya mashindano inaanzia hapa. Mawe yote ya njia moja yapimwe kwenye mizani ya duka hadi yalingane. Halafu tengeneza ubao ulioinama, achilia kila jiwe kutoka urefu uleule, na upime linaishia wapi. Fanya mara tatu kwa kila jiwe. Linalokwenda mbali kuliko wenzake au linalopinda litolewe, hata kama rangi yake inapendeza. Fanya zoezi hili mbele ya manahodha wote, siku moja kabla, ili asije mtu akasema baadaye kwamba alipewa mawe mabovu. Pia timu zibadilishane rangi katika nusu ya mechi.

TIMU NA UMRI

Mwiba wetu ndio huu, nao ung'olewe mapema. Chagua kundi moja la umri. Mwalimu yule na mimi tulikubaliana miaka 13 hadi 17, ikihesabiwa kufikia tarehe 1 Januari ya mwaka wa mashindano. Timu iwe na wachezaji wanne na mmoja wa akiba. Katika mchezo wa timu za mseto kwenye Olimpiki za vijana, timu ina wasichana wawili na wavulana wawili, nao husukuma kwa kupishana. Tuige hivyo. Mchezo hauna kugusana, na mavazi yawe yoyote ya heshima: mwenye hijabu acheze na hijabu yake, mwenye suruali ndefu na suruali yake.

Cheti cha kuzaliwa cha asili kionyeshwe siku saba kabla ya mashindano, mbele ya watu wawili wa kamati. Jina na mwaka viandikwe kwenye daftari na cheti kirudishwe palepale. Usikusanye nakala za vyeti vya watoto wa watu na kuziacha kwenye simu yako. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na hata bila sheria hiyo si adabu. Orodha ya majina na miaka ya kuzaliwa ibandikwe mlangoni mwa ukumbi kwa siku tatu.

Kanuni iandikwe kwa herufi kubwa: pingamizi la umri linapokelewa ndani ya siku hizo tatu, na linafungwa kabla ya jiwe la kwanza. Aliyenyamaza wakati orodha imebandikwa hana haki ya kukumbuka ndevu za mwenzake akishafungwa. Likitokea la kughushi cheti, hilo lisikilizwe baada ya mashindano, na adhabu imwangukie aliyeghushi na kiongozi aliyemleta, kwa mashindano yanayofuata. Mechi isivunjwe.

KANUNI ZA UCHEZAJI

Ziwe chache, zitoshee ukurasa mmoja, na kila mchezaji apewe ukurasa wake.

Mechi ni duru sita. Kila mchezaji husukuma jiwe moja kwa duru, kwa hiyo duru ina mawe manane. Jiwe liachiliwe kabla ya mstari. Lililovuka mstari likiwa mkononi linatolewa. Lililogusa ukuta au kutoka nje ya njia linatolewa. Aliyegusa jiwe linalotembea aseme mwenyewe, na nahodha wa upande wa pili aamue kuliacha au kuliondoa.

Kabla ya mechi kila timu isukume mawe mawili kuelekea kitovu, wachezaji wawili tofauti. Umbali wa kila jiwe hadi kitovu upimwe kwa sentimita na kujumlishwa. Jiwe lililokosa nyumba lihesabiwe sentimita 100. Timu yenye jumla ndogo ndiyo yenye jiwe la mwisho katika duru ya kwanza. Kwenye barafu wanafanya vivyo hivyo badala ya kurusha shilingi, na sentimita hizo huwekwa, kwa sababu zina kazi nyingine.

Kazi hiyo ni kutenganisha timu zilizolingana. Katika kundi angalia kwanza ushindi. Timu mbili zikilingana, angalia mechi yao wenyewe. Tatu zikilingana, jumlisha sentimita za mechi zote za kundi. Ndogo ndiyo bora. Hakuna kura na hakuna kikao cha wazee nyuma ya pazia. Mechi ikiisha sare, ichezwe duru moja ya nyongeza.

Wasaidizi wa manahodha ndio wanaosema alama. Wakitofautiana, mpimaji aje na kijiti chenye ncha kwenye kitovu. Akishasema, imekwisha. Mpimaji na wasikilizaji watatu wa malalamiko wasiwe na mtoto, mpwa wala jirani wa koti katika mashindano. Nami, kwa kanuni hiyo, nimejitoa.

RATIBA

Timu nane zigawanywe makundi mawili ya timu nne, kwa droo ya wazi. Kila kundi lina mechi sita, jumla kumi na mbili. Ongeza nusu fainali mbili, ya mshindi wa tatu na fainali, zinakuwa kumi na sita. Jiwe moja huchukua kama nusu dakika, kwa hiyo duru ni dakika tano pamoja na hesabu, na mechi ni nusu saa. Ukiweka mawe ya mwanzo na kubadilishana, kila zamu ipewe dakika 45. Kwa njia mbili, zamu ni nane.

Siku inakuwa hivi. Saa 3:00 asubuhi kundi A, 3:45 kundi B, 4:30 kundi A, 5:15 kundi B. Saa 6:00 hadi 7:30 ni chakula na swala ya Adhuhuri. Saa 7:30 kundi A, 8:15 kundi B. Nusu fainali saa 9:15. Saa 10:00 hadi 10:30 ni mapumziko na Alasiri. Saa 10:30 fainali na ya mshindi wa tatu kwa pamoja. Kufika saa 12:00 zawadi zimetolewa, ukumbi umefagiwa, na watoto wako njiani kabla ya Magharibi. Mchezaji akitoka katika mechi ya kundi ana angalau zamu moja ya kupumzika, ila wa kundi B wanaoingia nusu fainali wana robo saa tu, waambiwe mapema.

Kuhusu siku, uliza kwanza. Jumamosi inawafunga Wasabato, Jumapili inawafunga wengine, Ijumaa haifai. Siku ya mapumziko ya taifa iliyo ndani ya likizo ya shule ndiyo salama.

PESA NA ZAWADI

Andika matumizi kabla ya kutafuta mfadhili: ukumbi, mawe, gundi, chakula, maji, sanduku la huduma ya kwanza, kombe. Ada ya kuingia iwe ndogo. Kwa mfano, timu nane zikitoa shilingi 1,000 kila moja ni 8,000. Hizo zilipie ukumbi na chakula, basi.

Zawadi isitoke katika ada hizo. Wote wakitoa pesa na mmoja akazibeba, kwetu Waislamu hilo linaingia mlango wa kamari, na hata kwa asiye Mwislamu linazaa ugomvi. Zawadi itoke kwa mtu wa pembeni asiyeshindana: mwenye duka, chama cha wakazi, au sisi wajomba. Kampuni za kubashiri zisikaribishwe. Vijana wetu wanaangamia kwa mikeka ya simu, tusiwavishe nembo yake. Mwanasiasa akitaka kutoa, atoe kombe na aketi kama wazazi wengine.

Kombe linunuliwe kabla, na mahali litakapokaa paandikwe: kwa mfano shuleni kwa mshindi, mwaka mmoja. Hesabu ya matumizi ibandikwe mlangoni juma moja baada ya mashindano, na risiti zake.

RUHUSA NA USALAMA

Kumbi za jamii ni za Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Maombi yapelekwe kwa barua na risiti ya malipo ihifadhiwe. Mjulishe chifu na kituo cha polisi kilicho karibu. Ukitaka kuunda klabu ya kudumu, Sheria ya Michezo ya 2013 inakutaka usajili kwa Msajili wa Michezo. Anza na mashindano, klabu itafuata.

Wote walio chini ya miaka 18 ni watoto kisheria. Kila mzazi atie saini ya ridhaa yenye nambari ya simu. Watu wazima wawili, mwanamke na mwanamume, wawe ukumbini muda wote. Picha za watoto zisipigwe na kusambazwa bila idhini ya mzazi.

BAADA YA JIWE LA MWISHO

Kalingi ina desturi ya zamani kwamba mchezo ukiisha timu mbili huketi meza moja, na mshindi humnunulia kinywaji aliyeshindwa. Sisi tutafanya kwa chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi. Iwekwe katika bajeti na katika ratiba, isiachwe kwa hisani ya mtu.

Nilipomaliza kuandika ule ukurasa mmoja wa kanuni, nilimpa mpwa wangu ausome kwanza. Alisoma akafika pale pa kusema mwenyewe ukigusa jiwe, akacheka. "Mjomba, hapa Buru nani atasema?"

Nikamwambia sijui. Labda mashindano ya kwanza watasema wawili, na wengine watawatazama kama wendawazimu. Lakini sisi wakubwa tukiwa tumepima mawe mbele yao, tumefunga orodha kwa siku tuliyosema na tumebandika risiti mlangoni, tutakuwa tumesema letu kwanza. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nahodha lazima awe mkubwa kwa umri. Nikamwambia kanuni haisemi hivyo. Akachukua kalamu akaanza kuandika majina ya watoto wa koti lao.